Thamani Iliyo Kazini



Mpiga picha wa Kariakoo akipata lenzi kuukuu ya Helios, ile ya milimita 58 iliyokuja na kamera za Zenit kutoka Urusi ya Kisovieti, ana njia mbili. Aifungie kabatini akingoja bei ipande, au aifanyie marekebisho apate riziki.

Lenzi hiyo hukaa milimita 45 na ushei kutoka kwenye filamu. Kamera nyingi za leo zisizo na kioo cha ndani zinataka 16 hadi 20 tu. Pengo hilo huzibwa na pete ya chuma. Panapogoma, fundi hupitisha tupa kwenye lenzi. Ni kweli, alama ya tupa hushusha bei. Lakini picha ya harusi ya Jumamosi haiioni alama hiyo.

Na unyevu wa pwani yetu haumngoji mnunuzi: gizani kabatini, kuvu huota juu ya kioo, mpaka lenzi safi isiyoguswa ikaharibika.

Ndugu yangu, nawe una cherehani, una kompyuta, una ufundi uliousomea. Usivihifadhi kwa ajili ya mnunuzi usiyemjua. Virekebishe viendane na kazi yako, uvitumie leo.