Mfupa Umeunga, Woga Je?

Mtulinga ni ule mfupa mwembamba unaoshika bega na kidari. Ukivunjika, mwili haungoji amri: damu huganda, gegedu laini hujitanda, kisha mfupa mpya hujijenga. Kwa mtu mzima ni kazi ya wiki 6 hadi 12 hivi. Wangu umeunga, picha ya eksirei imeonyesha. Lakini woga je? Woga haupigwi picha.

Tangu mbwa alipokatiza mbele ya baiskeli nikarushwa juu ya usukani, mama hataki nipande tena. "Mwanangu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Wazee walisema kweli. Ila mie najiuliza, hesabu hiyo imekamilika? Maziwa yetu yanauzwa mjini, kilomita 9. Nisipoyapeleka mie, atayapeleka mdogo wangu wa miaka 13, naye mtulinga anao. Kicheko changu kitakuwa kimenunuliwa kwa hatari yake.

Kuogopa si dhambi, jamani. Mkono unaotetemeka kwenye breki haujamdhulumu mtu. Dhuluma inaanza pale ninapoutua woga wangu begani kwa mwenzangu, halafu nikauita busara.

Basi nitapanda. Polepole, breki nimezikaza, woga nimeupakia kwenye keria pamoja na madumu ya maziwa. Abiria huyo simpendi, lakini simkabidhi mtoto ambebe.