Kusudi katika Mizizi ya Mchu

Mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki, huchomoza juu ya matope vijizizi vilivyosimama wima mfano wa penseli, ambavyo huvuta hewa kwa kuwa matope yaliyojaa maji hayana oksijeni ya kutosha, na majani yake hutoa chumvi ya ziada ambayo huganda juu yake. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba kiungo cha kiumbe huelezwa kwa kusudi lake, yaani kazi ambayo kipo kwa ajili yake. Lakini mwanasayansi Charles Darwin, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1859, alieleza kuwa ulinganifu wa kiungo na kazi yake hutokana na uteuzi wa asili, yaani hali ambapo viumbe wenye tofauti za kurithi zinazowafaa huishi na kuzaa zaidi kuliko wenzao, bila wao wenyewe kukusudia lolote.

Wapo wanaodhani kwamba maelezo hayo yanamwondoa Muumba, ingawa kueleza njia ambayo kwayo kitu kimetokea si kukanusha kwamba njia hiyo ina mwenyewe. Swali zito zaidi ni la huruma ya Muumba huyo, kwa sababu uteuzi huo hupitia vifo vya miche isiyohesabika, na imani ya kweli haina budi kulikabili jambo hilo waziwazi. Hata hivyo, vifo hivyo ndivyo vilivyoufinyanga mti unaowahifadhi kamba na samaki wachanga. Kwa hiyo binadamu, aliyejaliwa uwezo wa kutafakari kusudi na kulichagua, ana wajibu wa kuulinda urithi asioweza kuuumba upya.