Darsa ya Ramadhani 16: Sheikh, uko peke yako?



Ndugu zangu, nilipanga leo tuendelee na zakatul-fitri, ila hiyo tuiahirishe mpaka kesho inshaAllah. Leo nina deni kwenu, hasa kwa wale mlionipigia simu kuanzia Mfungo Nne mpaka katikati ya Shaabani. Naomba msome mpaka mwisho hata kama adhana ya magharibi imekaribia.

Simu yangu ya sasa ni mwanangu aliyenitengenezea. Alishachoka na baba yake. Mtu ananipigia kwamba nikahi ni Jumamosi saa nne, mimi nakwenda Jumapili. Basi akawasha ile sehemu ya kurekodi simu zote, ili nikisahau nirudie kusikiliza. Nadhani aliniambia, na nadhani mimi niliitikia "haya" huku natafuta miwani.

Shaabani simu ikagoma kupokea picha. Memori imejaa. Nikafungua nione kimejaa nini, nikakuta sauti 1,112, kila moja ina jina la mpigaji, siku na saa. Nilikaa pale kwenye mkeka nikiitazama ile orodha na mikono ikaniisha nguvu. Mnajua wenyewe imamu anapigiwa kwa mambo gani. Mwanamke anaongea kwa kunong'ona akiwa jikoni. Kijana anataka kuacha unga na hataki mama yake ajue. Mzee anauliza suala la talaka, anajifanya anaulizia rafiki yake. Wote walikuwa mfukoni mwa kanzu yangu kwa miezi saba na zaidi, naingia nao sokoni, naiacha simu ikichaji kwa jirani.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha, na hadithi hii ipo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mtu akikueleza jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, maneno yake hayo yamekuwa amana kwako. Tazama ulivyo mpana mlango huo. Hakusema mpaka mtu akuapishe, au akwambie "hii ni siri". Shingo kugeuka tu inatosha. Sasa kwenye simu shingo haionekani, lakini watu bado wanageuka. Wanageuka kwa maneno. "Sheikh, uko peke yako?" "Subiri kidogo nitoke nje." "Usiweke spika." Kila ninyi mliponiambia hivyo mlikuwa mnageuza shingo, na mimi nilikuwa najibu, "Niko peke yangu, sema." Kumbe sikuwa peke yangu. Nilisema uongo bila kujua, na katika zile 1,112 sijui ni mara ngapi.

Kuna atakayesema: Sheikh, wewe hukukusudia, na matendo ni kwa nia. Kweli. Lakini ukikanyaga mguu wa mtu bila kukusudia bado unamwambia samahani, hukai ukamweleza habari za nia.

Na kuna wenye hoja nzito zaidi. Wanasema dini yetu ndiyo iliyotuhimiza kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Basi kurekodi kuna tatizo gani? Mimi najibu, isome aya yenyewe polepole. Mwandishi anaitwa, hajifichi. Anayeimlisha ni yule anayedaiwa, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, anajua kwamba maneno yake yanaandikwa. Na mashahidi wapo. Huo ni uandishi wa mlango wazi. Hata ukipiga simu huduma kwa wateja unaambiwa mapema kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Simu za iPhone zilipowekewa kurekodi mwishoni mwa 2024, ukibonyeza tu sauti inawatangazia wote wawili, ndipo inarekodi na kugeuza maneno kuwa maandishi. Makampuni hayo hayamwogopi Mungu kutushinda, yanaogopa sheria. Na hapa kwetu Tanzania pia ibara ya 16 ya Katiba inataja faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Mimi si mwanasheria, hapo naishia.

Katika zile sauti nilifungua moja. Moja tu, na hiyo sikuifungua kwa bahati mbaya. Kisa chake nimekivuruga, majina, kiasi na hata mwisho wake, wenyewe wakisoma watajiuliza kama ni wao.

Ndugu wawili, mkubwa na mdogo, tumbo moja. Mdogo alimkopesha kaka yake milioni nne za kununulia injini ya boti. Hawakuandika, maana ni ndugu. (Aya haikusema ndugu wasiandikiane, lakini sisi tunaona ni kama matusi.) Baadaye mkubwa akakana mbele ya wazee, akasema ile ilikuwa zawadi. Mdogo hana karatasi, hana shahidi. Ila mimi nilikumbuka: miezi michache nyuma mkubwa alinipigia usiku, akaniomba dua, akasema deni la mdogo wake linamnyima usingizi, "ila Sheikh hili libaki baina yetu." Nikafungua. Ipo. Sauti yake safi kabisa, na nyuma yake kuku wanalia.

Nikaenda kwa maalim wangu, mzee sana sasa. Kuna riwaya kwa Abu Dawud inayosema vikao ni amana isipokuwa penye damu, zinaa au mali ya mtu kuliwa kwa dhulma. Wanazuoni wamesema isnadi yake ina udhaifu, ila maana yake wanaitumia. Na aya ya 283 inamkemea anayeficha ushahidi. Kwa hiyo kunyamaza siwezi. Je, nipeleke simu kwa wazee wasikilize?

Mzee akaniuliza, "Alipokwambia, ulisikia kwa sikio lako au kwa simu?"

"Kwa sikio, maalim."

"Basi sikio lako linatosha. Hiyo nyingine imeingia kwa dirishani."

Alikuwa anagusia kile kisa kinachosimuliwa juu ya Sayyidna Umar, alipopanda ukuta akamkuta mtu na pombe, na yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, hukupita mlangoni, na hukutoa salamu. Umar akamwacha.

Nimelifikiria sana jambo hili la sikio na simu. Maneno ni yale yale, kwa nini moja iwe halali na nyingine iwe na mashaka? Nionavyo mimi, shahidi anapoongea anajiweka yeye mwenyewe hatarini. Anaulizwa, anaapishwa, anaweza kuambiwa umesahau, na uso wake unaonekana. Ile sauti haiapi. Ukiikata katikati haisemi "nimekatwa". Na siku hizi zipo programu za kuiga sauti ya mtu. Ikigeuzwa maandishi ndiyo balaa zaidi. Nilijaribu programu moja kwa simu ya mke wangu, kwa ruhusa yake. Alikuwa ananiuliza, "Umenunua mkate?" Programu ikaandika: umenunua mkate. Kwa Kiswahili chetu swali na taarifa havitofautiani kwa maneno, ni sauti tu inapanda. Sasa badala ya mkate weka "umenilipa", halafu mpelekee kadhi.

Simzungumzii hapa aliyedhulumiwa. Dada anayetishiwa na mume aliyemwacha, mfanyakazi wa ndani aliyeko Ghuba anayenyimwa mshahara na hana mtu wa kumsemea, hao Qur'ani yenyewe imewaachia mlango, mwenye kudhulumiwa anaruhusiwa kupaza ubaya aliotendewa. Arekodi, aende kwa wenye mamlaka, sio kwenye magrupu.

Nikaenda kwa yule mkubwa baada ya tarawehe za usiku wa kwanza. Nikamwambia yote mawili: kwamba nakumbuka alichoniambia na wazee wakiniita nitasema, na kwamba simu ilirekodi bila mimi kujua. Alisimama. "Sheikh, ulikuwa unanirekodi?" Hasira yake ilikuwa ya haki, pamoja na kwamba alikuwa anakula mali ya ndugu yake. Na mimi nikagundua ile simu mkononi ilikuwa kama panga. Sikuitoa ala, lakini yeye aliiona. Mtu akilipa namna hiyo amelipa kwa kumwogopa nani? Nikaifuta mbele yake.

Akasema, "Sasa ushahidi umekwisha."

Nikamwambia, "Haujakwisha. Mimi nipo."

Mdogo aliposikia alilia. Aliniambia nilikuwa na haki yake mfukoni nikaifuta. Sikuwa na jibu la kumtuliza, na mpaka leo silioni. Pengine ningeweza kuiacha mpaka wazee wamalize. Wazee wanakaa tena baada ya Idi, nitakuwepo.

Zile 1,111 nyingine nimezifuta pia, bila kusikiliza hata moja, wallahi, na mwanangu ameizima ile sehemu nikiwa natazama, safari hii na miwani. Mlionipigia katika miezi ile, nawaomba mnisamehe. Asiyeweza kusamehe ana haki yake. Mwenye la kuniuliza anikute msikitini baada ya alasiri, nakaa nguzo ya pili upande wa birika. Simu nitaiacha nyumbani.

Wabillahi tawfiq.