Kabla ya Kisu, Kiatu

Mtu aliyezaliwa na vidole sita vya mguu anaweza kuishi miaka mingi bila kukumbuka kwamba ana cha ziada. Nyumbani yuko pekupeku au na kandambili, shambani ana ndala, msikitini viatu vinabaki mlangoni. Siku ya kukumbuka ni ile anapotafuta viatu vya kutokea: ameitwa kwenye usaili wa kazi, au anaoa, au amepewa jukumu mbele ya watu linalotaka suti na kiatu cheusi kilichofungwa. Hapo anapita duka hadi duka. Kila jozi inakubali kisigino na kukataa ubavuni, na muuzaji anamwambia avumilie, kitalegea. Baada ya mzunguko wa namna hiyo si ajabu swali likageuka. Alianza kwa kuuliza kiatu kiko wapi, sasa anauliza ni hospitali gani wanakata kidole. Naona mpangilio huo wa maswali umekaa vibaya. Kwa mtu mzima ambaye mguu wake haumuumi akiwa pekupeku, kiatu kichunguzwe kwanza, tena kwa bidii, kabla mguu haujafikishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Kiatu cha dukani hakikushonwa kwa kufuata mguu wa mtu yeyote. Kimejengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mti au la plastiki ambalo kiwanda kimelichagua kwa kukadiria miguu ya wateja wengi, na kalibu hiyo ndiyo inayoamua kiatu kipanuke wapi na kibane wapi. Namba tunayoisoma kwenye soli ni ya urefu. Kwa vipimo vya Ulaya, kutoka 42 kwenda 43 ni theluthi mbili za sentimita, basi. Juu ya upana namba haisemi kitu. Vipo viwanda vinavyotengeneza urefu mmoja kwa upana wa aina kadhaa na kuutaja kwa herufi, lakini maduka yetu mengi hayapangi viatu kwa njia hiyo na wateja hawajazoea kuuliza. Ndiyo maana mwenye mguu mpana hukimbilia namba kubwa: wa 42 anachukua 44. Upana kidogo anaupata, ila hasara inahamia kwingine. Kiatu kina mahali pake pa kukunjika, kwenye mzizi wa vidole. Kikimzidi mtu urefu, kinakunjika mbele ya pale mguu wenyewe unapokunjika, kisigino kinapwaya, na malengelenge yanaanza nyuma huku sugu ikiendelea kukua ubavuni. Baadaye huyo mtu husema amejaribu viatu vyote. Amejaribu vingi kweli, lakini karibu vyote vimetoka kwenye wazo moja la mguu.

Wala tusidhani kwamba mguu wa kawaida unasalimika na wazo hilo. Mwaka 1958 ulichapishwa utafiti uliofanywa Hong Kong, uliolinganisha watu 118 waliozoea viatu na 107 ambao hawakuwa wakivaa. Kidole gumba kilichopinda kuelekea wenzake, kile kinachoacha nundu ya mfupa ubavuni, kilionekana kwa asilimia 33 ya wavaa viatu, na kwa asilimia 2 hivi tu ya wale wengine. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa Cambridge na kando yake katika zama za kati. Kwa waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, waliokuwa na dalili za kupinda huko ni asilimia 6. Karne za 14 na 15, viatu vya ncha ndefu iliyochongoka vilipoingia kuwa mtindo, asilimia ikapanda hadi 27, na katika makaburi ya nyumba moja ya watawa, walimozikwa pia watu wenye uwezo, ikafika 43. Urithi nao una sehemu yake katika kupinda kwa kidole gumba, na si kila nundu ililetwa na kiatu. Hata hivyo, kitu chenye uwezo wa kuupinda mguu uliozaliwa sawasawa hakifai kuwa shahidi pekee dhidi ya mguu uliozaliwa tofauti.

Sasa tuutazame mguu wenyewe. Kidole cha ziada si cha namna moja. Kingine ni kinyama kidogo kisicho na mfupa, kingine ni kidole kamili chenye mifupa, kiungo na ukucha. Mara nyingi hukaa upande wa nje, jirani na kidole cha mwisho. Mara nyingi ni jambo la ukoo, na kwa aina hiyo ya upande wa nje huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa mtoto mchanga, madaktari wengi hushauri kikiondolewa kiondolewe karibu na umri wa mwaka mmoja, kabla hajaanza kuutegemea mguu kwa kutembea, na kwa hilo sina ugomvi nao. Mtu mzima ana hesabu nyingine. Lazima picha ya eksirei ionyeshe kwanza kama kidole kina mfupa wake kamili ndani ya mguu au kinachangia mfupa mmoja na jirani yake. Daktari akikata, anaondoa kidole na kiungo chake, anazishona upya kano za kidole kinachobaki kisije kikayumba, na wakati mwingine anachonga kichwa cha mfupa uliotanuka kubeba vidole viwili. Halafu zinafuata wiki za kutokuvaa kiatu cha kubana. Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni kwamba upana wa mguu hautokani na kidole peke yake. Mfupa wa nyuma yake ukibaki mpana, kidole kinaweza kuondoka na shida ya kiatu ikabaki. Na kovu linakaa upande uleule wa nje ambako kiatu husugua.

Yupo atakayenijibu kwamba maneno haya ni ya hatari, kwa kuwa tayari kuna wazazi wanaoficha ndani watoto wenye mguu kifundo, yaani unyayo uliopindia ndani tangu kuzaliwa, wakisema ndivyo Mungu alivyowapanga. Hoja hiyo ni nzito na ninaichukua kwa uzito wake. Mguu kifundo hausubiri kiatu kizuri. Mtoto asipotibiwa atakua akikanyagia ubavu au mgongo wa unyayo, kwa maumivu, na kila mwezi unaopita unaongeza ugumu. Lakini hebu tutazame tiba yake iliyofanikiwa kuliko zote ilivyo. Dk. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Minorca aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona upasuaji mpana unaacha miguu migumu, akageukia plasta inayobadilishwa kila wiki huku mguu ukisogezwa kwa mkono kidogo kidogo. Wiki tano au sita, kwa watoto walio wengi mkato mmoja mdogo kwenye kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku tu hadi mtoto afike miaka minne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995, wagonjwa wake wakiwa na wastani wa miaka 34, yalionyesha asilimia 78 wana miguu inayofanya kazi vizuri au vizuri sana. Waliofanyiwa upasuaji mpana, walipofuatiliwa kwa miaka 30 hivi, wengi walikutwa na miguu iliyokakamaa na yenye maumivu. Uganda ilianza kuitumia njia ya Ponseti mwaka 1999, na kiatu kilichoiwezesha kusambaa, kinachojulikana kwa jina la Steenbeek, kilibuniwa hukohuko ili kitengenezwe kwa ngozi na chuma vinavyopatikana karibu. Ni buti dogo la ngozi lililo wazi vidoleni, lina kamba za kufunga, na nyuma juu ya kisigino lina tundu ambalo mama huchungulia kuhakikisha kisigino kimeshuka hadi chini. Yaani hata pale ambapo tiba ni ya lazima na haraka, maarifa yamekwenda upande wa kupunguza kisu na kuongeza kiatu.

Hoja ya pili ni ya fedha. Kiatu cha kushonewa kina bei, na kitachakaa. Upasuaji, watasema, ni mara moja. Hesabu hiyo haijajumlisha siku za kazi zinazopotea, nauli za kurudi kliniki, na uwezekano kwamba baada ya yote hayo mtu bado atahitaji kiatu kipana. Isitoshe, kiatu cha kushonewa si anasa ya wakubwa kama inavyodhaniwa. Fundi viatu anayejua kazi humsimamisha mteja juu ya karatasi, jioni maana mguu huwa umevimba kidogo, akachora mzunguko wa kila mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Anazungusha utepe kwenye mzizi wa vidole, kwenye mgongo wa mguu na kisigino. Kisha anachukua kalibu ya urefu ule na kubandika kipande cha ngozi mahali hasa kidole cha sita kinapokaa, anakipiga tupa mpaka kingo zipotee, na ngozi ya kiatu ikivutwa juu yake inapata tumbo dogo ambalo macho ya watu hayalioni. Mshono asiupitishe juu ya tumbo hilo. Ngozi iwe halisi na laini, kwa sababu raksini haikubali kufuata mguu hata ikivaliwa mwaka mzima. Mwenye kununua dukani naye ana la kuchagua: kiatu cha aina ya Derby, ambacho mabawa yenye matundu ya kamba yameshonwa juu ya uso wa kiatu, hufunguka zaidi kuliko Oxford, ambacho mabawa yake yamefichwa chini ya mshono. Vyote viwili ni vya heshima na vinavalika na suti ileile.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, maana haihusu maumivu ya mwili. Mtu atasema: mguu hauumi, kiatu nimepata, lakini naona aibu. Sivai makubazi mbele za watu, siendi ufukweni, mchumba wangu hajauona mguu wangu mchana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sina haki ya kumwambia mwenye aibu hiyo kwamba ni jambo dogo. Mtu mzima akiamua kutibiwa kwa ajili ya utulivu wa moyo wake, huo ni uamuzi halali na asichekwe. Ninachodai ni kwamba aamue akijua bei yake. Chukua kidole cha nne kilichobaki kifupi kwa sababu mfupa wa nyuma yake uliacha kukua mapema, hali inayowapata zaidi wanawake na mara nyingi haiumi. Njia mojawapo ya kukirefusha ni kukata mfupa na kuuvuta polepole, si zaidi ya milimita moja kwa siku, kwa chombo kilichopenya kwenye mfupa na kushikizwa nje ya ngozi. Zinapita wiki za kuvuta, kisha miezi ya kusubiri mfupa mpya ukomae, na njiani kuna hatari ya usaha kwenye matundu ya pini na ya kiungo kukakamaa. Mwanamke aliyekuwa akitembea bila shida yoyote ayasikie haya yote kabla ya kutia sahihi. Akitia baada ya kusikia, ni mguu wake. Maumivu yakiwepo hata bila kiatu, au kidonda kisichopona, au ganzi ya kisukari inayomfanya mtu asisikie kiatu kinapomchubua, basi hakuna cha kungojea: daktari wa mifupa aonwe mapema.

Sehemu kubwa ya shinikizo hata hivyo haitoki moyoni mwa mwenye mguu. Inatoka kwenye kanuni. Shule inataka kiatu cheusi cha kufunga na mwalimu wa zamu hapokei maelezo. Kuna kazi ambazo sare yake inakuja na kiatu cha namna moja kwa wote. Kanuni ya rangi haimuumizi mtu, ya umbo inaumiza, na kuiondoa hiyo ya pili hakuhitaji bajeti. Kwa upande wa viatu vyenyewe tuna bahati ambayo hatujaitumia. Moshi kuna kiwanda cha viatu vya ngozi cha Karanga, na katika mji huohuo, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia na visaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kalibu mbili au tatu pana za kiatu cheusi cha ofisini, zikichongwa kwa vipimo vya miguu ambayo wataalamu hao wanaishika kila wiki, zingetoa viatu vya kuwekwa madukani kando ya vile vya kawaida, vikiwa na alama ya upana kwenye soli, kwa bei ileile.