Mvuke, Maji na Tohara ya Sakafu

Katika nyumba nyingi zilizojengwa mjini Singida miaka ya karibuni, ile sakafu ya saruji nyekundu iliyokuwa ikisuguliwa kwa polishi hata ikang'aa imeondoka, na mahali pake yamewekwa marumaru meupe yasiyoficha hata alama ya unyayo. Na pamoja na marumaru hayo imekuja bidhaa ambayo wauzaji wake huisifu kwa maneno mengi, nayo ni dekio la mvuke, chombo chenye mpini mrefu, tangi dogo ambalo aghalabu halizidi nusu lita ya maji, na kitambaa kilichofungwa chini, ambacho kikitiwa umeme huchemsha maji yake na kuupuliza mvuke sakafuni kupitia kitambaa hicho. Wakisifiao husema kwamba huua vijidudu pasipo sabuni wala dawa. Mimi sina ugomvi na mvuke. Lakini kwa watu wasalio nyumbani mwao, wakaweka vipaji vya nyuso zao mahali walipopita watoto, kuku na wageni, sakafu hudaiwa mambo mawili, na muuzaji analijua moja tu: kwamba isiwe na uchafu wa kumdhuru mtu, na kwamba isiwe na najisi ya kuibatilisha sala yake. Je, chombo kinachotimiza dai la kwanza chaweza kutimiza na la pili?

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiko mafakihi walikoanzia. Waislamu wengi wa Singida, kama walivyo ndugu zao wa pwani, hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo sakafu iliyoingia najisi haitohariki ila kwa maji. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim yasimulia jinsi bedui mmoja alivyoingia msikiti wa Madina akakojoa ndani yake, watu wakamjia juu kwa ghadhabu, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akawakataza wasimkatize haja yake, na alipokwisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa husema kwamba ardhi ikikauka hata athari ya najisi isionekane tena, yafaa kusaliwa. Na kwa nchi yenye upepo kama wa Singida, ambao wataalamu wameupima wakakusudia kuzalisha umeme kwa nguvu zake, kauli hiyo ingewapa watu wepesi mkubwa. Mashafi hawakuikubali. Kwao upepo hukausha, wala hautoharishi.

Sasa, mvuke nao si maji? Swali hili halikungoja kiwanda. Imamu Rafii, aliyefariki mwaka 1226, aliona kwamba unyevu utokanao na mvuke wa maji yaliyochemka hauitwi maji katika ada ya watu, basi hautoharishi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kauli yake ndiyo iliyotegemewa katika jambo hili, alihukumu kwamba ni maji yenye kutoharisha, na waliomfuata wakaongeza hoja ya kupendeza kwa uwazi wake, ya kuwa maji ya chunguni hupungua kwa kadiri ya yale yaliyopanda hewani. Kwa hiyo matone yanayoning'inia chini ya kifuniko cha birika ni maji kamili, na mtu akiyakusanya ya kutosha aweza kutawadha. Naitaja khitilafu hii kwa sababu wako wanaodhani kwamba elimu ya fikihi ni elimu ya ngamia na visima, isiyo na la kusema mbele ya umeme, ilhali wanazuoni wa karne ya 13 walikwisha kukaa wakaujadili mvuke, wakautenga na moshi, na wakaupa hukumu yake.

Lakini kuwa maji hakutoshi. Mkojo uliokauka juu ya marumaru, usiobakisha rangi wala harufu, watosha kupitishiwa maji mara moja, ila sharti lake ni kwamba maji yapite, yaani yatiririke juu ya mahali penyewe; na najisi yenye mwili wake huondolewa kwanza huo mwili, kisha ndipo maji yafuate. Mvuke hautiririki. Hugusa sakafu, ukaacha unyevu mwembamba kama jasho, nao huo unyevu hunywewa mara moja na kitambaa. Na hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi, kwa sababu maji machache, yasiyofikia kile kipimo cha kula mbili ambacho wengi hukikadiria kuwa takriban lita 200, hunajisika yakutanapo na najisi, isipokuwa yakiwa ndiyo yanayomwagwa juu yake kwa kuitoharisha. Basi kitambaa kilicholoa, kikipita juu ya mkojo wa mtoto kisha kikaendelea mpaka mlango wa jikoni na ukumbini, kwa mizani ya fikihi kimeisambaza najisi iliyokuwa ya shubiri mbili ikawa ya chumba kizima. Hayo hayalihusu dekio la mvuke peke yake. Dekio la kamba linalochovywa ndani ya ndoo ileile mara kumi lina aibu hiyohiyo, tena zaidi, ila hilo halikuja na madai makubwa.

Nijuavyo mimi, mahali ambapo mvuke unakaribia kufaa ni pamoja tu, napo ni kwa mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajala chakula zaidi ya maziwa, kwani huo sheria imeuhafifisha, ikatosheka na kunyunyiziwa maji yenye kuueneza bila ya kutiririka. Na hata hapo ni lazima unyevu uwe mwingi kuliko ule ambao chombo hiki huacha. Ama mbwa mwenye kulowana aliyelala barazani, yeye hana msamaha: ni mara saba, moja yake kwa udongo, na udongo ni kitu ambacho mwenye marumaru meupe angependa kukiona kila mahali isipokuwa hapo.

Atasema mtu: ya nini masharti haya, ilhali daktari amekwisha kushuhudia kwamba kijidudu hufa kwa joto? Hoja hii yaonekana nzito, nayo nyepesi, kwa sababu hudhania kwamba tohara ilikuwa siku zote ni afya iliyovishwa kanzu, na kwamba mababa, lau wangalikuwa na hadubini, wangaliacha kunena habari za najisi wakanena habari za bakteria. Tazama tayamamu. Mtu aliyekosa maji hupiga viganja vyake juu ya udongo, akapaka uso na mikono, akasimama akasali. Wala vumbi halimsafishi mtu uso. Tazama na kinyume chake: mkojo uliochemshwa chunguni mpaka kila kilicho hai ndani yake kikafa, kwa daktari hauna madhara, na kwa fakihi ni najisi vilevile ulivyokuwa, na tope la njiani baada ya mvua ya Februari, ambalo mama yeyote hulifukuza mlangoni kwa fagio, kwa fakihi asili yake ni tohara. Mambo mawili yenye kuachana namna hii, mara moja likiwapo pasipo jingine, mara jingine likiwapo pasipo hili, hayawezi kuwa jambo moja. Usafi hupimwa kwa matokeo yake katika mwili, na tohara hupimwa kwa utii, kwa sababu ni adabu ya kuingia mbele ya Mfalme, naye mwenye nyumba ndiye aamuaye wageni wavue nini mlangoni.

Na hakuna mahali linapoonekana jambo hili wazi kuliko katika tembe za Unyaturu, huko huko Singida, zile nyumba zenye paa bapa la udongo, ambamo wanawake husiriba sakafu kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono mtupu: mama huinama, akamwaga uji ule mzito, kisha kiganja chake kikaenda nusu duara baada ya nusu duara, akirudi nyuma kuelekea mlangoni ili asikanyage alipopaka, na ikikauka sakafu huwa ngumu, haitimui vumbi. Faida yake si ndogo, kwani vumbi la sakafuni ndilo makao ya funza, yule mdudu aliyeingizwa Angola kutoka Brazil mwaka 1872, akalivuka bara hata akafika pwani ya mashariki kabla karne ile haijaisha, akawaacha watu wasioweza kukanyaga chini. Sakafu hiyo basi ni safi kwa maana ya kumlinda mtoto unyayo wake. Kwa Mashafi kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Kwa Imamu Malik na Imamu Ahmad kinyesi cha mnyama aliwaye ni tohara. Na aishiye humo akifuata madhehebu ya Shafi hahitaji kuvunja nyumba wala kuhama dini: hutandika mkeka mkavu, akasali. Dawa ya sakafu nzima ni ukindu uliosukwa.

Imamu Ghazali, naye alikuwa Mshafi, katika kitabu chake cha Ihya aliwalaumu watu wa zama zake waliomaliza nyakati zao katika kusugua dhahiri na huku batini imeharibika kwa kibri na husuda, akawakumbusha kwamba wa mwanzo walitembea pekupeku matopeni na kusali juu ya ardhi tupu. Na katika habari ya maji, akasema kwa unyofu kwamba angalitamani madhehebu ya imamu wake yawe kama ya Malik, ili watu wapate wepesi na wasiwasi uwaondoke. Nadhani dekio la mvuke, likiingia mikononi mwa mtu mwenye wasiwasi, litamzidishia maradhi, kwa sababu litamwonyesha kila jioni kitambaa kilichopata weusi, akaamini kwamba amezungukwa na adui, ilhali msingi wa sheria ni kwamba vitu vyote ni tohara mpaka ithibiti kinyume chake, na yakini haiondolewi na shaka.

Nikiacha fikihi, kuna mambo ya nchi yenyewe. Maji ya visima vya Singida mahali pengi yana chumvi na floraidi nyingi, na mvuke upandapo huyaacha hayo chini, yakagandamana ndani ya chombo kuwa ukoko mweupe unaoziba tundu zake; asiyetumia maji ya mvua atakizika chombo chake mapema. Vumbi nalo, lile jekundu linaloletwa na upepo wa kiangazi, lisipofagiwa kwanza hugeuka tope chini ya kitambaa. Sakafu ya saruji iliyopakwa polishi hupoteza mng'ao wake kwa joto, na ya mbao isiyozibwa huvimba. Hata hao vijidudu hawafi kwa kupitiwa mbio. Joto lataka kukaa mahali pamoja kwa muda, na atumiaye haraka amelowesha tu. Umeme si hoja kubwa: chombo cha wati 1500 kikitumika dakika 20 hula nusu uniti ya LUKU. Na katika nchi kame, kutumia nusu lita badala ya ndoo ni fadhila, wala dini haiipingi, kwani imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, nacho hakifikii lita.

Ila hoja iliyo na uzito kuliko zote sikuisikia kwa wauzaji hata mmoja. Ni nani apigaye deki? Wenye nyumba wa Dar es Salaam wamezoea kuagiza wasichana wa kazi kutoka Singida, Dodoma na Iringa, na mjini Singida nako wako wanaotoka vijijini, wenye umri wa kuwa shuleni, wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri, wakapiga magoti na tambara na beseni chumba baada ya chumba. Jirani Mkristo, Mlutheri wa Iramba au Mkatoliki wa mjini, ambaye hana mas'ala ya najisi katika sakafu yake kwa kuwa amefundishwa kwamba kimtiacho mtu unajisi hutoka moyoni, anayo hata hivyo kumbukumbu ya bwana aliyejifunga taulo, akatwaa beseni, akawaosha miguu wanafunzi wake. Na Mwislamu anayo kauli ya Bibi Aisha kwamba Mtume alipokuwa nyumbani alikuwa katika kazi za kuwahudumia ahali zake. Katika dini zote mbili aliyeinama ni mkubwa. Katika nyumba zetu ainamaye ni mdogo, naye ndiye asiyeulizwa kama mgongo wamuuma.

Kwa insafu basi, chombo kinachomwezesha kusimama wima afanyapo kazi kina thamani, na mwenye marumaru, umeme na fedha ya ziada akikinunua kwa nia hiyo hajafanya israfu, maadamu hakumpunguzia mshahara wala hakumwongezea vyumba. Akikinunua ili kiwe badala ya tohara, amenunua kisichouzwa. Najisi ikianguka sakafuni, iondoe kwa kitambaa kikavu, mwagia mahali pale bilauri ya maji hata yatiririke, yafute, nawe umemaliza. Ukitaka kupitisha mvuke baada ya hapo, pitisha. Na kama ni zamu ya kuinama, mwenye nyumba, nawe uwe na siku yako.