Spika na Uaminifu wa Mjumbe

Wahenga walisema kuwa mjumbe hauawi. Maneno hayo hutajwa mara nyingi kwa ajili ya kumkinga mjumbe, lakini ni mara chache hutajwa kwa ajili ya kumkumbusha wajibu wake. Mjumbe hauawi kwa sababu habari si zake. Basi ikiwa habari si zake, hana ruhusa ya kuzitia chumvi, wala kuzipunguza, wala kuzipaka asali ili akirimiwe na mpokeaji. Afanyapo hivyo habari huwa zake, na kinga yake imekwisha. Katika insha hii nataka kuuliza swali juu ya mjumbe asiye na roho wala ulimi, naye ni spika. Je, ipi iliyo bora: spika impendezayo msikilizaji, au spika impayo sawasawa kile ilichokabidhiwa?

Mtu aweza kudhani kuwa hili ni swali la mafundi peke yao. Sivyo. Mwalimu, hakimu, mfasiri na mhariri wote ni wajumbe wa namna moja au nyingine, na kila mmoja wao hujaribiwa kila siku kupendeza pale anapopaswa kusadikisha. Faida ya kuitazama spika ni kwamba haina nafsi ya kujitetea. Twaweza kuipima bila ya kuichukia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, walikuwa na shida ya mahali. Ndani ya magari ya matangazo ya nje hapakuwa na nafasi ya spika kubwa, na fundi aliyekaa humo alihitaji kujua kwa hakika ni sauti gani iliyokuwa ikienda kwa wasikilizaji. Wakatengeneza spika ndogo iliyoitwa LS3/5A. Kimo chake kilikuwa kiasi cha sentimita 30, upana 19 na kina 16. Ripoti ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 1976 na Harwood, Whatton na Mills. Kuta zake zilikuwa za plaiwudi isiyo nene, nazo zilibandikwa kitu kizito cha kuzima mtetemo, ili sanduku lenyewe lisipate sauti ya kuchanganya na sauti lililopewa. Baadaye viwanda mbalimbali vilipewa leseni ya kuitengeneza, na spika iliyokusudiwa kazi ikaingia katika vyumba vya watu ikapendwa mno.

Mambo mawili katika habari hii yatupasa kuyazingatia. La kwanza ni kipimo. Desturi ya wahandisi wa BBC ilikuwa kulinganisha sauti itokayo katika spika na sauti ya mtu aliye hai, asemaye karibu. Hawakuuliza kwanza kama spika inapendeza. Waliuliza kama inafanana. Sauti ya mwanadamu ilikuwa hakimu, kwa kuwa hakuna sauti ambayo sikio limeizoea zaidi. La pili ni upungufu. Sanduku dogo namna ile haliwezi kutoa sauti nene kabisa za ngoma kubwa au za kinanda cha kanisani. Vipimo vimeonyesha kuwa LS3/5A huinua kidogo zile sauti nene inazoziweza, na sikio hupata joto ambalo kwa hesabu halikustahili kuwapo. Basi hata msema kweli huyu alikuwa na adabu ya kulainisha maneno. Lakini tofauti iko wazi kati ya mjumbe aliyekosa pumzi ya kufikisha habari nzima, na mjumbe aliyebuni habari ambayo hakutumwa. Wa kwanza ana udhaifu. Wa pili ana hila.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa spika ya nyumbani iitwayo NS-10, yenye koni nyeupe. Haikusifiwa sana nyumbani, lakini iliingia katika studio za muziki ikatawala kwa miaka mingi. Mafundi wengine waliona sauti zake nyembamba kuwa kali mno, wakabandika karatasi laini mbele ya koni ndogo ili kuzituliza. Juu ya hayo waliendelea kuitumia mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001, na wako wanaoitumia hata leo. Katika mwaka huo huo Philip Newell na Keith Holland pamoja na mwenzao walichunguza sababu ya heshima hiyo. Waliona kuwa spika hiyo ilikuwa na sifa moja kubwa: sauti iliyoagizwa kukoma ilikoma upesi, wala haikuburura mkia wake juu ya sauti iliyofuata. Haikuwa na uso mzuri, lakini haikuongeza neno baada ya neno kwisha.

Kwa nini fundi achague spika isiyompendeza? Jibu lafaa kukumbukwa na kila mwenye madaraka. Tuseme spika ya studio inatia chumvi katika sauti nene. Fundi akiisikiliza atadhani kazi yake ina besi nyingi kupita kiasi, naye ataipunguza. Santuri itakapotoka, nyumba zote zitapokea muziki mwembamba usio na nguvu. Spika iliyomsifia besi yake ndiyo iliyomnyima besi. Na ndivyo usifu unavyofanya kazi kwa wanadamu. Mtu anayeambiwa kila siku kuwa ni mpole kupita wote, hupunguza upole akidhani anao wa kumtosha na kubaki. Mtawala anayeambiwa kuwa ghala zimejaa, huacha kulima. Sifa ya uongo haimwongezei mtu jema. Humfanya aliondoe hata lile dogo alilokuwa nalo.

Hapo mpinzani atasimama na kusema: unadai kweli, lakini kweli ya nini? Santuri yenyewe ilitengenezwa na fundi aliyekuwa akisikiliza spika fulani. Wewe waihukumu spika yako kwa santuri, na santuri ilihukumiwa kwa spika nyingine. Hoja hii ni nzito. Floyd Toole, mtaalamu aliyefanya utafiti wa miaka mingi nchini Kanada, aliiita duara la mkanganyo. Lakini duara haliwi hoja ya kuacha kipimo. Ni hoja ya kutafuta kipimo nje ya duara, kama vile sauti ya mtu aliye hai, au vyombo vya kupimia visivyo na mapenzi.

Toole huyo na mwenzake Sean Olive walitoa mwaka 1994 matokeo ya jaribio moja lenye mafunzo makubwa. Watu walipewa spika wazisikilize bila ya kuziona, kisha wakazisikiliza huku wakiziona. Masikio yalikuwa yale yale na spika zile zile, lakini hukumu zilibadilika. Ukubwa wa sanduku, sura yake na jina lake viliingia katika sikio kwa njia ya jicho. Tena utafiti wa Toole ulionyesha kuwa pasipo kuona, wasikilizaji walio wengi hupendelea spika zitoazo sauti kwa usawa, zisizopandisha huku na kushusha kule. Nadhani hapa pana habari njema kwa binadamu. Sikio lake halichukii kweli. Linapoachwa peke yake huielekea. Kinacholipotosha ni bei, jina na fahari ya mwenye nyumba mbele ya wageni wake.

Yasalia swali la haki ya mtu nyumbani kwake. Mtu aliyerudi kutoka kazini amechoka hana deni la kuhukumu santuri. Akipenda kuongeza utamu na auongeze, maana mwenye kutia sukari katika chai yake mwenyewe hamdanganyi mtu. Ubaya huanza pale utamu unapotiwa kwa siri na kuuzwa kwa jina la usafi. Lakini fundi wa studio hasikilizi kwa niaba ya nafsi yake. Asikilizapo, maelfu wasiomjua wamemwazima masikio yao, na kosa lake moja litarudiwa katika kila nyumba.

Tena wengi katika maelfu hao hawana spika za thamani. Kwetu Afrika Mashariki watu wengi husikiliza muziki kwa redio ndogo au kwa simu ya mkononi. Kwa ajili ya watu kama hao mafundi wengi wa studio waliweka mezani sanduku dogo la Auratone, lenye koni moja tu, wapate kujua kazi yao itakuwaje katika chombo cha mtu asiye na kitu. Mimi nahesabu tendo hilo kuwa sehemu ya uaminifu, si jambo la pembeni. Haitoshi ujumbe kuwa kweli mahali ulikotoka. Yapasa ufike ukiwa bado ni kweli kwa yule aliye mbali na aliye maskini.

Kwa hiyo jibu langu ni kuwa spika iliyo mwaminifu ni bora kuliko ipendezayo, kila inapotumiwa na mtu anayeamua kwa niaba ya wengine. Anayejifurahisha peke yake yu huru kuchagua. Lakini hata huyo hana budi kujua kuwa spika isukumwayo ukutani huongeza besi, na chumba kitupu chenye kuta ngumu hurudisha mwangwi juu ya kila neno. Mjumbe aweza kufika salama na habari zake zote, zikaharibikia sebuleni mwa mpokeaji. Adaiye kweli kwa wengine na aandae kwanza mahali pa kuipokea.