Kahawa ya Ngara Ibebe Jina la Ngara

Kanuni za wauzaji wa kahawa nchini Japani zinaruhusu Arabika ya Tanzania iuzwe kwa jina la Kilimanjaro, hata kama ilichumwa Mbinga, Mbeya au Kigoma, mbali kabisa na mlima huo. Eneo moja tu limeachwa nje: Bukoba, mkoani Kagera. Mtu akiisoma kanuni hiyo harakaharaka ataona ni makaratasi ya Tokyo yasiyomhusu mkulima wa Bugufi, wilayani Ngara. Mimi naona inasema karibu yote yanayohitaji kusemwa kuhusu kahawa ya Kagera. Wenzetu wameazimwa jina kubwa linalouza. Kahawa ya magharibi ya Ziwa Victoria imenyimwa hata hilo la kuazima, na jina lake yenyewe bado halijasikika sokoni. Sishauri tukapige hodi kwenye jina la Kilimanjaro. Nashauri kahawa ya Ngara na Biharamulo iuzwe kwa jina la kilima ilikoota na kaya iliyoitunza, kwa sababu jina ndilo linaloweza kumlipa aliyefanya kazi nzuri na kumdai aliyefanya kazi mbovu.

Ardhi haina lawama. Vilima vya Ngara, kwenye mpaka wa Rwanda na Burundi, vinapanda zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Kwenye baridi ya namna hiyo cheri ya Arabika huiva polepole, punje ikajaa na kupata utamu na uchachu ambao waonja kahawa huutafuta. Ukishuka kuelekea Biharamulo joto linaongezeka, na huko Robusta ndiyo inayostahimili. Kinachoharibu sifa hizo huanza siku ya kuchuma na kuishia ghalani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Arabika ya Kagera imeanikwa na maganda yake, wakati ile ya Kilimanjaro na Mbinga humenywa, huoshwa na kukaushwa ikiwa na ngozi. Kuanika na maganda si kosa. Ethiopia na Brazil hufanya hivyo na kupata kahawa ya bei kubwa. Kosa ni kuanika juu ya udongo, mbichi na mbivu pamoja, kisha kuchanganya magunia ya kila mtu. Kaya iliyorudi shambani mara tatu au nne ikifuata cheri nyekundu tu inafika kwenye mzani uleule wa kaya iliyokwanyua matawi kwa siku moja, na zote mbili zinalipwa bei ileile kwa kilo. Iliyotumia nguvu nyingi zaidi ndiyo iliyopata hasara. Utaratibu unaolipa hivyo unawafundisha watu uzembe, kisha tunawalaumu wakulima kuwa hawajali ubora.

Anayedhani naota avuke daraja la Rusumo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwanda ilikuwa na vituo vya kuoshea kahawa vya kuhesabika kwa vidole, na kahawa yake iliuzwa kwa jumla kama ya daraja la kawaida. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 na haikuwa na mtaji wa kutupa. Wakulima wa Maraba, kusini mwa nchi, wengi wao wajane na yatima wa mauaji hayo, walijiunga katika ushirika wa Abahuzamugambi, wakajifunza kuchagua, kuosha na kuonja, na kufikia 2003 walikuwa na wanunuzi Uingereza na Marekani waliouza kahawa hiyo ikiwa na jina la Maraba kwenye mfuko. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, ambako kahawa ya mkulima au kituo kimoja huonjwa na jopo la kimataifa, kisha hupigwa mnada kwa jina la mwenyewe. Burundi ikafuata 2012. Vilima vya nchi hizo vinapakana na vya Ngara, na mvua haichagui upande wa mpaka. Ethiopia nayo iliona thamani ya majina haya mapema: mwaka 2005 ilianza kuomba majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yasajiliwe Marekani kama mali yake, ikavutana na Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Serikali haiingii kwenye mvutano wa miaka miwili kwa ajili ya majina matupu.

Jina lina masharti yake, na hapa ndipo hoja yangu inapokuwa ngumu. Ili kahawa iitwe maalumu sokoni lazima ipate alama 80 au zaidi kati ya 100 mbele ya waonjaji waliofunzwa. Alama hizo huanzia kwenye mikono: kuchuma nyekundu peke yake, kumenya siku hiyohiyo ikiwa ni ya kuoshwa, kuanika juu ya vichanja, kuigeuza mara kwa mara, kuifunika mvua inaponyesha, kuiacha ikauke mpaka unyevu ufike asilimia 11 au 12. Ukanda wetu wa Maziwa Makuu una adui wa ziada, ile ladha ya kiazi kibichi inayohusishwa na kunguni wa kahawa anayetoboa cheri. Punje moja yenye kasoro hiyo inaharibu kikombe kizima, na dawa yake kubwa ni kupogoa mibuni na kuchambua cheri moja moja kwa macho. Kazi ya namna hii familia yenye shamba dogo inaiweza kuliko shamba kubwa la vibarua wanaolipwa kwa debe. Udogo wa shamba, ambao tumezoea kuuhesabu kama umaskini, hapa ni nguvu. Na Biharamulo isijione imeachwa kwa sababu inalima Robusta: tangu 2010 kuna viwango vya Robusta bora vilivyoandaliwa kwa ushirikiano na majirani zetu wa Uganda, na Robusta iliyochumwa mbivu na kuanikwa safi inaonjwa kwa haki yake yenyewe.

Tukisema shamba la familia, tuseme kweli. Kwenye kaya nyingi mama na watoto ndio wanaochuma, wanaobeba na wanaochambua, lakini jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) ni la baba, na malipo yanafuata jina. Siwezi kuitetea kahawa inayouzwa ughaibuni kwa sifa ya familia wakati nusu ya familia hiyo haitambuliki ghalani. Vilevile jina haliwezi kukaa nyumba moja na butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa. Mkulima aliyeuza kahawa yake ikingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu karo au ugonjwa haukusubiri msimu, hana sababu ya kuchagua cheri nyekundu. Kahawa si yake tena. Kumhubiria huyo ubora bila kumpa mkopo wa haki ni kumwonea. Kwa hiyo anayetaka jina la Ngara lisikike aanze na malipo ya awali, chama chenye akiba na daftari lenye majina mawili ya wenye shamba, mume na mke.

Wapo watakaosema kwamba hili litavunja ushirika: kila mmoja akiuza kwa jina lake, wenye nguvu watapaa na wanyonge watabaki na gunia la mchanganyiko. Hofu hiyo ina mizizi, maana tumeona vyama vikuu vikivunjwa 1976, na baada ya soko huria la miaka ya 1990 tumeona wanunuzi binafsi wakiingia vijijini na mizani ya mashaka. Lakini Maraba ulikuwa ushirika, na kutenganisha kahawa hakuhitaji kuvunja chama. AMCOS inaweza kupokea mafungu mawili, la kawaida na la kahawa iliyochaguliwa, ikaandika kila gunia limetoka kitongoji gani na kaya gani, kisha ikapeleka sampuli kuonjwa. Familia yenye ekari moja haitajaza kontena, ni kweli; kaya thelathini za kilima kimoja zikishika masharti yaleyale zinaweza kutoa fungu linalomvutia mchomaji mdogo wa Berlin au wa Nairobi. Minada iliyoletwa mkoani Kagera miaka ya karibuni imefungua nusu ya mlango, kwa kuwa mkulima sasa anaisikia bei ikishindaniwa. Nusu iliyobaki ni kuliita fungu kwa jina lake.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi: bei yenyewe imekuwa nzuri, tujisumbue kwa nini? Mwaka 2024 Robusta ilivuka dola 4,000 kwa tani katika soko la London, na Februari 2025 Arabika ikapita dola 4 kwa ratili New York. Mkulima aliyepata bei hiyo kwa kahawa ya mchanganyiko ana haki ya kuuliza. Namkumbusha 2001, soko hilohilo la New York liliposhuka chini ya senti 50 kwa ratili, na katika nchi nyingi wakulima wakang'oa au kutelekeza mibuni. Bei inayopangwa na ukame wa Brazil na Vietnam itashushwa na mvua za hukohuko. Mnunuzi anayeijua kahawa kwa jina la kilima ana sababu ya kurudi mwaka wa njaa, na mwaka wa neema ndio wenye fedha za kujengea vichanja. Kuna pia sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa lakini haijafutwa, inayotaka kahawa ijulikane imetoka shamba gani hasa. Kuandika mahali gunia lilikotoka kutakuwa lazima kwa anayeuza Ulaya. Itakuwa huzuni tukiandika hayo yote kwa ajili ya forodha ya wenzetu na tusinufaike nayo kwenye bei.

Nakubali sharti moja bila ubishi: kazi ya ziada isifanywe kwa ahadi. Kama fungu lililochaguliwa halilipwi zaidi ya la kawaida, mkulima ana haki ya kuliacha, na asiitwe mvivu. Ndiyo maana nawaomba viongozi wa AMCOS za Ngara na Biharamulo watangaze tofauti ya bei kabla msimu haujafunguliwa, waitishe wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku wawafundishe vijana wa vijijini kuonja, na waweke mzani wa pili ghalani. Mzani huo unaweza kuwekwa msimu huu huu, bila kusubiri mfadhili.